Bastola ya Zawadi Inanipiga Teke, Nimwambieje Mume Wangu?

Mpendwa mshauri wetu Bibi Orpha,

Naomba msaada wako, na tafadhali unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi nitaaibika mbele ya kaunti nzima. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, watoto wameshahama, na kazi yangu ni kuosha na kunyoa mbwa, nina gari langu lenye beseni na maji moto huko nyuma, nazunguka nalo mashambani kutoka lango hadi lango, na kazi hiyo naipenda sana ila imenila mkono wa kulia, gumba limevimba kwenye kiungo kwa miaka mingi ya kushika mashine ya kunyolea, asubuhi hata kopo la kahawa namwita mume wangu anifungulie. Mume wangu nitamwita Delmar, na rafiki yangu nitamwita Velda, si majina yao, nawe nakuomba uniwekee siri.

Mambo yalianza mwezi wa tano, nilikuwa natoka kunyoa mbwa wa kuchunga kondoo kwenye shamba la mbali, jua bado liko juu, nikaona pikapu nyuma yangu, nikipunguza mwendo inapunguza, nikikata kona inakata, simu haina mtandao kule bondeni, mwisho nikasimama kwenye lango la shamba moja nikidhani atapita, hakupita, alisimama, akashuka, akaja mpaka dirishani kwangu akaweka mkono juu ya mlango akaniuliza, "Mama, uko peke yako?" halafu akatabasamu tu, akaendelea kusimama, mpaka lori la majani makavu lilipotokeza ndipo akarudi kwenye gari lake kama mtu aliyekuwa anauliza njia. Sikudhurika. Lakini Delmar siku hiyo alikuwa kazini kwenye visima vya mafuta, mbali, na aliporudi nikamsimulia alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na buti zake miguuni, hakula, chai yake ya barafu ikageuka maji matupu mkononi.

Basi siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu akaniletea kiboksi chenye utepe, ndani bastola ya silinda ya risasi tano, ya zambarau kwa sababu anajua naipenda zambarau, nyepesi mpaka nikadhani ni ya kuchezea, na risasi zake zile ndefu na kali za magnum, kipimo cha tatu-hamsini-na-saba. "Hii, mke wangu," akasema, "ukimpiga mtu nayo haamki kuuliza nani kanipiga." Bibi Orpha, macho yake yalikuwa yanang'aa, amechagua mwenyewe, amefunga utepe mwenyewe kwa vidole vile vya grisi, ningesema nini? Nikambusu nikasema ahsante.

Tukaenda nyuma ya banda kuijaribu, na risasi ya kwanza sikujua kama mimi nimepiga bastola au bastola imenipiga mimi, ngozi ya kati ya gumba na kidole ikachanika, ya pili nilifumba macho, ya tatu nilijikunja kabla haijalia, na Delmar yuko nyuma yangu anachekelea, "Umeisikia hiyo? Eh? Umeisikia?" nikasema nimeisikia. Kopo tulilokuwa tunalenga liko pale pale mpaka leo, halina hata mkwaruzo.

Tangu hapo ni uongo juu ya uongo, akinipigia simu toka kazini, "Umefanya mazoezi, kipenzi?" nasema nimefanya, kumbe sijaigusa, na alipouona mkono ulivyovilia damu akaniuliza nini hiki nikasema nimeumwa na mbwa, akasema mbwa gani, na mimi kwa kubabaika nikataja mbwa wa kwanza aliyenijia kichwani, na aliyenijia ni mbwa wa mchungaji wetu, mzee, kiziwi, amebakiza meno mawili na yote mawili ya nyuma. Delmar akampigia mchungaji simu akamfokea. Mchungaji kwa unyenyekevu wake akaomba radhi kwa niaba ya mbwa, na sasa kila ninapokwenda kumwosha yule mbwa mzee nakuta wamemfunga mdomo kwa kamba, ananitazama tu.

Bastola yenyewe sina pa kuiweka, kwenye kiuno cha suruali ikaponyoka nilipoinama kumshika mbwa, nikaidaka mkononi, basi nikaitia kwenye mkoba pamoja na biskuti za mbwa, mpaka siku moja mbwa wa kuwindia wa mteja akanusa zile biskuti akaukamata mkoba akatoka nao mbio uani, mimi nyuma yake, mwenye mbwa anacheka anasema, "Mwache mama, atauleta mwenyewe," hajui kuna nini ndani. Na hilo si kubwa. Jumapili ya chakula cha pamoja kanisani tuliweka mikoba mezani kwenye korido kama siku zote, na mimi na Velda tulinunua mikoba yetu siku moja duka moja, nikachukua wa kwake. Nimefika nyumbani nafungua natafuta miwani, nakutana na bastola nyeusi. Simu ikalia. "Shoga," anasema Velda, "kuna kitu cha zambarau kwenye mkoba wangu. Na biskuti. Nimekula moja kabla sijavaa miwani, hazina sukari hizi."

Nikaenda kubadilishana naye, tukacheka mpaka tukakaa chini, halafu akasema, "Njoo uijaribu yangu basi, na wewe," tukaenda nyuma ya nyumba yake. Bibi Orpha, bastola ya Velda ni ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini, kipimo chake mia tatu themanini, si nzito wala si nyepesi, mpini wake unameza vidole vyangu vyote mpaka kidogo cha mwisho, na kile kifuniko cha juu unachovuta nyuma kuingiza risasi kinavutika kama droo ya jikoni, maana Velda naye ana vidole vya baridi yabisi na aliitafuta hivyo. Tulilenga sahani ya bati ya kuokea pai. Nikapiga saba, nikatoboa sita. Nililia, sijui kwa nini nililia. Velda akasema, "Sasa hiyo ndiyo bastola, shoga. Ile ya mumeo iweke juu ya bili zisipeperuke."

Nikaenda dukani kwa Royce anakouza silaha, nikajifanya namuulizia binamu yangu, na Royce akacheka, "Mia tatu themanini? Mama, mwambie binamu yako hiyo ni ya kumtekenya mtu, achukue milimita tisa kama watu wengine," na mzee mmoja aliyekuwa anajitafunia kijiti pale kaunta akadakia, "Namba isiyoanza na nne mimi nawaachia watoto, arobaini na tano, basi, yaliyobaki ni kelele." Wakaanza kugombana wao kwa wao, nikatoka, hata hawakuniona.

Na Jumamosi ndiyo mashindano ya shabaha ya wenzi uwanjani, ya kuwachangia wazimamoto, mume na mke bega kwa bega, kisha samaki wa kukaanga, na Delmar amewaambia watu wote kazini, "Subirini mumwone mke wangu na radi yake." Velda ananiambia nijaze ile ya zambarau risasi laini za thelathini na nane, eti zinaingia humo humo, "nani atakuja kuchungulia silinda yako?" Moyo wangu mwingine unaniambia niseme naumwa. Mimi sitaki kumvunja moyo mume wangu, miaka yote hii hakuwahi kunichagulia zawadi mwenyewe kabla ya hii, siku zote alikuwa anampa dada yake pesa amchagulie. Lakini mwanamume yule wa pikapu sikumwona tena na siku nikimwona nitakuwa na kitu mkobani ninachokiogopa kuliko yeye. Niambie nichague bastola gani na risasi za kipimo gani, nibebe wapi, na Jumamosi nifanye nini.

Ni mimi,
Mwenye Gumba Bovu


BIBI ORPHA ANAJIBU

Wewe Mwenye Gumba Bovu,

Majina umeyabadilisha, mbwa umewaacha. Katika kaunti hii wanyoa mbwa wa kwenye gari tunao wangapi? Basi tusisumbuane na siri. Nimekujibu kwa simu Jumanne, na hapa gazetini narudia yale yale kwa sababu najua wako wengine kumi wenye mikoba kama yako na waume kama wako.

Kwanza pole. Pole ya kweli. Yule mtu aliyeweka mkono juu ya mlango wako hakuwa anauliza njia, wala wewe huna wazimu kuogopa. Lakini nimesoma barua yako yote, karatasi mbele na nyuma, sijaona mahali uliposema umempigia sherifu. Umemwambia mume, umemwambia Velda, sasa umeniambia mimi, na mwenye nyota kifuani bado hajui. Mpigie leo. Mwambie rangi ya pikapu na barabara gani. Na ukifuatwa tena usisimame kwenye lango la watu usiojua kama wapo. Funga milango, endesha mpaka penye watu, kwa wazimamoto, kwenye duka la chakula cha mifugo, hata kwangu, na upige honi njia nzima. Una magurudumu manne, yatumie kabla hujafikiria risasi tano. Kila asubuhi mwachie Velda ratiba, uko shamba gani na utatoka lini. Bastola ni kitu cha mwisho mwanangu, na anayeibeba kama kitu cha kwanza simtaki karibu na keki yangu.

Sasa nikugombeze, kaa vizuri.

Bastola na biskuti za mbwa mkoba mmoja! Mimi nimeishia darasa la nane na sioni haya kusema, maana wanangu wote sita wana vidole vyote kumi na macho yote mawili, na nyumba yetu ilikuwa na bunduki kila kona. Unajua kwa nini? Kwa sababu silaha ilikuwa ama mwilini mwa mtu mzima ama kwenye kufuli, hakuna mahali pa tatu. Mkoba ni mahali pa tatu. Mkoba unawekwa chini, unasahauliwa, unaibwa, unakokotwa na mbwa, unachanganywa kwenye korido ya kanisa ambako watoto wa shule ya Jumapili wanapita wakitafuta peremende. Wewe na Velda mnacheka mpaka mnakaa chini. Mshukuruni Mungu kwamba mkono ulioingia kwenye mkoba ule ulikuwa wa mwanamke mwenye njaa, wala haukuwa wa mmoja wa wajukuu zake. Siku nyingine nikisikia bastola zenu ziko mezani kwenye korido nitakuja mwenyewe na ufagio.

Na ile kuidaka! Ikiponyoka iache ianguke. Za siku hizi zimetengenezwa kuhimili kuanguka, hazikutengenezwa kuhimili kidole kinachoparamia kifyatulio hewani. Hilo nalo hakukwambia mtu?

Haya, swali lako. Wanaume wale wa kaunta walikuwa wanagombea namba, na namba peke yake haisemi kitu. Risasi ikikosa ni kelele tu, iwe arobaini na tano iwe ya kuulia panya. Ya mzee mwenye kijiti ni nzuri, kwa mzee mwenye kijiti, mwenye mkono kama koleo na anayekaa kwenye kiti siku nzima. Wewe unachuchumaa, unainama, unanyanyua mbwa wa kilo arobaini kumtia kwenye beseni. Ukibeba chuma kikubwa kama kile, kufika saa sita mchana utakuwa umekivua umekiweka kwenye kiti cha gari, na tumerudi kule kule kwenye mkoba.

Ya Delmar je? Kuna jambo moja Royce analijua na halisemi akiwa na kitu cha kuuza. Bastola nyepesi ni tamu mfukoni na chungu mkononi. Lile teke halimezwi na kitu ila uzito wa chuma, chuma kikiwa kidogo mmezaji ni wewe. Wamechukua risasi kali kuliko zote pale kaunta wakaitia kwenye bastola nyepesi kuliko zote, halafu wakampa mwanamke mwenye gumba bovu. Hata mimi yangu ni ya silinda, thelathini na nane, lakini ya chuma kitupu, nzito kama pasi ya mkaa, na ndiyo maana nikiipiga inaguna tu kama mzee anayeamka kitini.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda mjini kwenye uwanja wa shabaha wa ndani, ule wanakokodisha. Usiende na mtu anayependa kusikia sauti yake. Kodi ya milimita tisa, lakini usichukue ile ndogo kuliko zote, ndogo hupiga teke kama punda mchanga. Chukua ya kati, ambayo kidole chako kidogo kina mahali pa kukaa. Milimita tisa ndiyo ya kujaribu mwanzo kwa mtu yeyote, kwa sababu nguvu inatosha, risasi zake ziko kila duka na bei haimzuii mtu kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi amebeba kokoto. Kisha jaribu kama ile ya Velda. Kisha jaribu ya silinda ya chuma kama yangu, maana silinda haina cha kuvuta nyuma na gumba lako litapumzika, ila kifyatulio chake ni kirefu na kizito, uone kama kidole kitakubali. Kila moja vuta mwenyewe, jaza mwenyewe, magazini nayo ina springi ngumu, mtu wa dukani asikufanyie hata mara moja. Halafu piga nyingi. Usipige tano ukasema basi, mkono mgonjwa hauanzi kulalamika kwenye tano. Ile ambayo ukimaliza unaiangalia unataka kupiga tena, hiyo ndiyo yako, na usimwulize mtu namba yake.

Ikitokea ni mia tatu themanini, ichukue, kichwa juu. Risasi yake ni ndogo, kweli, sifichi, ndiyo maana ukishaichagua ununue risasi nzuri zilizojaribiwa kuingia ndani vya kutosha, usinunue za bei rahisi za kwenye ndoo, na uhakikishe bastola inazila zote bila kukwama. Lakini mwanamke aliyetoboa sahani mara sita kati ya saba kwa mara ya kwanza, akitokwa na machozi, mimi sitamfuata dirishani kwake. Royce atekenywe yeye kwanza halafu aje atusimulie.

Pa kubeba: mwilini, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ukiiweka mbele itakuchoma tumbo kila ukiinama, kwa hiyo iweke pembeni, nyuma kidogo ya nyonga, kwenye mkanda mgumu wa kweli, sio hiyo kamba unayoita mkanda, na juu yake shati pana lisiloingizwa. Wiki ya kwanza ivae tupu, bila risasi, nyumbani, uoshe mbwa wako mwenyewe, uiname, uchuchumae, uone inasogea wapi. Ukirudi nyumbani kutoka kazini inatoka kiunoni inaingia kwenye sanduku la kufuli. Haikai kwenye droo wala juu ya friji, na gari la mbwa lisiachiwe bastola hata mara moja, watu wanavunja magari.

Sasa Jumamosi.

Usiseme unaumwa. Umeshamsingizia mbwa wa mchungaji, ukianza kusingizia na tumbo utaishiwa viumbe. Ya Velda usiazime, nguo ya kuazima haisitiri matako, na mwenye nayo ataihitaji mwenyewe kwenye mstari ule ule. Kuhusu zile risasi laini, Velda amesema kweli. Bastola ya magnum inazikubali zile fupi za thelathini na nane, nazo zina nusu ya ghadhabu. Kuzitumia si kosa, kuzitumia kwa kujificha ndilo kosa. Na tena unamfikiria vipi mumeo? Mtu aliyesikiliza mashine za visima miaka thelathini, anayejua pampu imechoka kwa kusikia tu akiwa amelala, utampigia thelathini na nane pembeni ya sikio umwambie ni radi? Atajua kwenye ya kwanza. Na atajulia hapo, mbele ya watu, mdomo umejaa maneno aliyojigamba. Umeogopa kumvunja moyo jikoni, sasa unataka kumvunja uwanjani?

Mwambie jikoni. Mwambie leo, kabla hajala. Usianze na bastola, anza na mkono. Uweke mezani, ufungue hivi, mwonyeshe pale ngozi ilipochanika, mwambie, "Mbwa hakuniuma." Basi. Nyamaza hapo. Mwanamume mwenye akili atafika mwenyewe, na asiye na akili nipe namba yake ya simu. Halafu mwambie na la pili, kwamba hiyo bastola unaiogopa, na kwamba unataka mwende mjini pamoja mkachague nyingine, yeye akushikie mkoba asiseme neno. Jumamosi pigeni na ile ya zambarau, yenye thelathini na nane ndani, naye akijua. Mkishinda mmeshinda, mkishindwa samaki ni wale wale.

Na Jumapili, kabla ya ibada, nenda kwa mchungaji ukamwombe radhi, yeye na mbwa wake. Ukimwosha mbwa safari hii usichukue malipo. Ile kamba mdomoni uifungue kwa mkono wako.

Sasa wewe, Delmar, au vyovyote unavyoitwa.

Najua unasoma. Alhamisi gazeti likitoka wote mnasoma, mnajifanya mnatafuta bei ya ng'ombe. Ukiwa unasoma hapa basi mkeo ameshakwambia, na kama moyo umekuuma kidogo, acha uume, utapoa. Sikugombezi kwa kununua. Nakujua tangu ulipokuwa unaiba pichi zangu, na najua ulipokaa kwenye ngazi ile na buti zako ulikuwa unawaza nini: kwamba siku ile ulikuwa mbali na usingewahi kufika. Ukaingia dukani na woga wako wote, ukaomba kitu kinacholingana nao, wakakupa. Kile kitu kinakutosha wewe. Kibebe wewe, nitaomba kipakwe rangi nyingine ukitaka, ingawa mimi nakuona na zambarau vizuri tu.

Lakini alichokuwa anakihitaji mkeo hukukipima kwa mkono wake, ulikipima kwa moyo wako. Dukani hukumuuliza hata swali dogo. Muulize leo. Muulize gumba linauma saa ngapi, linauma likifanya nini, kopo gani linamshinda, mpini gani unamkaa. Halafu ukisha kuuliza ushike huo mkono.

Taratibu, mwanangu. Upande wa gumba.

Bibi yenu Orpha